DIZELI NI JINA LA MTU: kijana aliyeingia chuo, akatoka na swali moja

Naanza na swali dogo tu.

Uko Masuguru, umebeba debe lako la mahindi unalipeleka mashineni. Ule mlio wa tuku-tuku-tuku unaousikia toka mbali, kabla hujaona hata bati la kibanda, ni wa nini? Utaniambia injini ya dizeli. Sawa. Ukapanda basi kwenda Korogwe au Handeni mjini, basi linakula nini? Dizeli. Na malori yanayopishana Segera usiku kucha, haya ya Tanga, haya ya Arusha, haya ya Dar? Dizeli tena. Haya, sasa dizeli ni nini?

Wengi tutajibu ni mafuta. Si vibaya, ila jibu halijakamilika. Kabla ya kuwa jina la mafuta lilikuwa jina la injini, na kabla ya kuwa jina la injini lilikuwa jina la mtu. Aliitwa Rudolf Diesel. Alikuwa mtoto wa fundi wa ngozi, alisukuma mkokoteni mitaani, alisoma kwa kufadhiliwa, akaugua karibu na mtihani wa mwisho, akatajirika, akafulia, na siku moja akapotea baharini usiku.

Nimeamua kumleta huyu jamaa hapa kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wetu waliopiga PCM huwa wanahangaika na jambo moja: wajaze kozi gani. Wengi hujaza uhandisi. Ukimuuliza kijana kwa nini, utasikia majibu yaleyale. Mmoja anataka mshahara. Mwingine anataka aitwe Injinia Fulani, kijiji kizima kisimame akipita. Wa tatu amesikia kozi hizo zinafikiriwa kwanza kwenye mkopo. Wa nne mjomba wake amesema. Siwacheki, maana njaa si kitu cha kuchekea. Ila naomba msome maisha ya huyu mtu mpaka mwisho, halafu kila mtu ajiulize mwenyewe.

MTOTO WA MKOKOTENI

Rudolf alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Lakini wazazi wake hawakuwa Wafaransa. Walikuwa Wajerumani. Baba yake, Theodor, alitokea mji wa Augsburg huko Bavaria, akaenda Paris kutafuta maisha. Kwa ujuzi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, baadaye akafungua karakana ndogo ya kutengeneza vitu vya ngozi. Mama yake aliitwa Elise.

Biashara ilikuwa ya kubangaiza. Si unajua karakana ya nyumbani: kazi ikiwepo mnakula, isipokuwepo mnatazamana. Rudolf alikuwa anamsaidia baba yake, na kazi iliyofanywa na yule mtoto ilikuwa kusukuma mkokoteni kupeleka mizigo kwa wateja. Yaani mtu ambaye injini yake leo inabeba mizigo ya dunia nzima alianza kwa kuibeba kwa mikono yake mwenyewe.

Akipata nafasi alipenda kwenda kwenye jumba la makumbusho ya ufundi la Paris, palipokuwa na mashine za zamani zimewekwa watu wazione. Shuleni naye alikuwa mkali. Akiwa na miaka 12 alipewa medali ya shaba kwa masomo mazuri, na ilishapangwa aendelee na shule ya juu zaidi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwaka 1870 Ufaransa na Prussia zikaingia vitani. Wajerumani waliokuwa Paris wakatakiwa kuondoka. Familia ikaacha karakana na kila kitu ikavuka kwenda London, ambako hawakuwa na pa kushika. Wazazi wakaona mtoto atapotea. Vita vikiwa havijaisha, wakamtuma peke yake, mtoto wa miaka 12, arudi Ujerumani akakae Augsburg kwa shangazi yake Barbara na mumewe Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hesabu.

Hebu fikiria. Paris alisoma kwa Kifaransa. London akawekwa kwenye shule ya Kiingereza. Augsburg akatakiwa asome kwa Kijerumani. Mwenzangu uliyeanza na Kizigua nyumbani, ukasoma Kiswahili shule ya msingi, halafu kidato cha kwanza ukakutana na mwalimu wa fizikia anashusha Kiingereza kitupu, wewe unamwelewa Rudolf kuliko profesa yeyote.

BARUA YA MIAKA 14

Augsburg alisoma shule ya ufundi ileile aliyofundisha mjomba wake. Huko kichwa kilifunguka. Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake barua kuwaambia ameshaamua: anataka kuwa mhandisi. Mwaka 1873 akamaliza akiwa wa kwanza darasani, akaingia shule nyingine ya viwanda iliyokuwa imefunguliwa karibuni hapohapo mjini.

Miaka miwili baadaye, 1875, ikaja nafasi ya kusoma Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Munich, tena kwa ufadhili kwa sababu ya alama zake. Ungetegemea nyumbani wapige vigelegele. Wapi. Wazazi walitaka aanze kazi. Hali ilikuwa ngumu, kijana ameshasoma vya kutosha, ana mikono miwili, basi alete hela nyumbani.

Hapa tusiwahukumu haraka wale wazee. Mzee wa Masuguru ambaye mwanawe kamaliza kidato cha sita anaona mambo mawili. Kuna miaka minne ya chuo, ambayo hajui itaishaje. Na kuna shamba, au bodaboda, au kibarua, ambacho hela yake inaonekana jioni hiyohiyo. Mzee hachukii elimu. Anahesabu tu. Baba yake Rudolf naye alikuwa anahesabu.

Rudolf akaenda chuo bila baraka zao. Ufadhili ndio uliomwokoa, vinginevyo leo tungekuwa tunayaita yale mafuta kwa jina lingine.

SWALI

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari yenyewe.

Pale Munich alikuwepo mwalimu anaitwa Carl Linde, mtaalamu wa joto na mashine, ambaye baadaye alikuja kuwa maarufu kwa mitambo ya kutengeneza barafu. Mwaka 1878, kwenye somo lake moja, Linde aliwaeleza wanafunzi jambo kuhusu injini za mvuke. Kumbuka hizo ndizo zilikuwa mfalme wa zama zile. Viwanda, meli, treni, vyote vilikwenda kwa mvuke. Linde akawaambia kwamba katika joto lote linalotoka kwenye makaa yanayochomwa, injini ya mvuke inageuza kati ya asilimia 6 na 10 tu kuwa kazi. Kingine chote kinapotea hewani.

Nikuwekee kwa lugha ya nyumbani. Mama kaenda porini, kakata kuni, kajitwika mzigo wa vipande kumi mpaka nyumbani. Anafika, unachukua vipande tisa unavitupa jalalani, halafu unapikia kimoja. Kesho tena vilevile. Ndivyo mashine zote kubwa za dunia zilivyokuwa zinafanya kazi, na wenye viwanda walikuwa wanaona ni kawaida.

Darasa zima lilisikia namba ile. Nadhani wengi waliinakili kwenye daftari kwa ajili ya mtihani, kama tunavyofanya sisi. Rudolf naye aliandika, ila pembeni mwa daftari lake akajiwekea na kazi ya kuchunguza: je, inawezekana kutengeneza injini ambayo haitupi joto namna hiyo? Kwenye nadharia, Mfaransa Sadi Carnot alishaonyesha tangu 1824 kikomo cha kazi inayoweza kupatikana kutokana na joto. Rudolf akataka kujua kama mashine ya chuma inaweza kukisogelea kikomo hicho.

Alikuwa na miaka 20. Toka siku ile hakupumzika tena. Ile barua ya miaka 14 ilikuwa ndoto ya mtoto anayependa mashine. Huku pembeni mwa daftari ndiko alikopata sababu ya kuwa mhandisi.

Na msifikiri baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka 1879, darasa lake likijiandaa kumaliza, yeye akashikwa na homa ya matumbo, taifodi. Mtihani ukampita. Wenzake wakamaliza, yeye kitandani. Akisubiri awamu nyingine ya mtihani alikwenda Winterthur, Uswisi, kufanya kazi za karakana kwenye kiwanda cha Sulzer. Januari 1880 akarudi Munich, akakaa kwenye mtihani, akafaulu kwa heshima ya juu kabisa.

Wewe uliyepata ajali, au uliyekosa ada ukaahirisha mwaka ukaona ndiyo mwisho wa dunia, chukua hiyo.

MIAKA KUMI YA BARAFU

Unaweza kudhani alitoka chuo moja kwa moja akaenda kuunda injini. Hapana. Alitoka chuo akaenda kutengeneza barafu.

Mwalimu wake Linde alikuwa ameanzisha kampuni ya mitambo ya ubaridi, akamchukua. Rudolf akarudi Paris, akasaidia kujenga kiwanda cha barafu, na baada ya mwaka mmoja akawa mkurugenzi wake. Mwaka 1883 akaoa, mkewe akiitwa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Mwaka 1890 akahamia Berlin kufanya kazi kwenye upande wa utafiti wa kampuni ileile. Maisha hayakuwa mabaya. Mshahara upo, familia ipo, jina lipo. Wengi wetu tungesema tumeshafika.

Ila lile swali la pembeni mwa daftari lilikuwa bado linamkereketa. Akitoka kazini alikuwa anapiga hesabu. Alijaribu kwanza injini ya kutumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji. Miaka ikakatika, haikufaa. Akaiacha, akaanza upya.

Wazo jipya lilikuwa hili. Kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba ukipampu kwa nguvu, pampu inapata joto kule chini. Hewa ikibanwa inapata joto. Sasa, je, ukiibana hewa ndani ya silinda kwa nguvu kubwa sana, mpaka iwe ya moto kiasi kwamba ukinyunyizia mafuta yanawaka yenyewe? Hakuna plagi, hakuna kiberiti. Kule kubanwa kwa hewa ndiko kutakakowasha moto, na kadiri unavyobana zaidi, ndivyo unavyopata kazi kubwa zaidi kwa mafuta yaleyale. Fundi wa mashine ya kusaga anakijua hiki kitu kwa vitendo. Injini yake haina plagi, na pampu au nozeli ikileta matatizo, siku hiyo watu wanarudi na mahindi yao mabichi.

Mwaka 1892 aliomba hataza ya wazo lake, akapewa Februari 1893. Mwaka huohuo akatoa kitabu kilichoeleza nadharia yenyewe. Wataalamu wengine wakamponda, na tuseme ukweli, katika mambo fulani walikuwa sahihi. Hesabu zake za mwanzo zilitaka vitu ambavyo chuma kisingeweza kuvihimili. Ikabidi abadilishe. Lakini kiwanda cha mashine cha Augsburg, chini ya Heinrich Buz, kilikubali kumpa nafasi ya kujaribu, na kampuni ya Krupp ikachangia fedha. Baada ya miaka 15 toka siku ya lile somo, hatimaye alikuwa na karakana.

Jaribio la kwanza lilifanyika Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kweli, ila mgandamizo ulikuwa mkali mno mpaka kifaa cha kuupimia kikapasuka, vipande vikaruka. Watu walinusurika. Injini haikuweza kujiendesha yenyewe. Ikafumuliwa, ikasukwa upya. Tarehe 17 Februari 1894 ikazunguka kwa nguvu zake kwa mara ya kwanza, kama dakika moja hivi, mizunguko 88. Dakika moja! Ukimwambia mtu wa nyumbani umefanya kazi miaka yote hiyo ukapata dakika moja, atakuonea huruma. Ila yule anayelijua swali lake anajua dakika moja maana yake nini.

Ikachukua miaka mitatu mingine. Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich akaja kuipima rasmi. Ilikuwa na silinda moja, urefu wake kama mita tatu, nguvu ya farasi wapatao 20, na ilitumia mafuta ya taa. Matokeo: iligeuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Rudisha mawazo kwa yule mama na mzigo wake wa kuni. Zamani kati ya vipande kumi kilipikia kimoja, tena kwa taabu. Sasa vinapikia viwili na nusu. Hakuna injini duniani iliyokuwa imefika hapo.

Toka kwenye daftari mpaka siku ile ni miaka 19.

ALIMTENGENEZEA NANI?

Kuna jambo watu wengi hawalijui. Rudolf hakutaka tu kuokoa makaa. Alikuwa na mtu kichwani mwake. Injini za mvuke zilikuwa kubwa na ghali, kwa hiyo mwenye mtaji ndiye aliyezimiliki, na fundi mdogo kama baba yake alikuwa anamezwa. Diesel alitumaini kwamba injini isiyokula mafuta mengi, inayoweza kutengenezwa hata kwa ukubwa mdogo, itamwezesha mfumaji, fundi seremala au mwenye karakana ya ngozi kusimama mwenyewe. Mwaka 1903 alitoa hata kitabu kuhusu namna wafanyakazi wangeweza kuungana na kumiliki viwanda vyao. Kilinunuliwa na watu wachache sana.

Pia hakutaka itegemee mafuta ya aina moja. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 injini moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa na hamu ya kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kupata nguvu kutoka kwenye zao linalolimwa hukohuko. Diesel mwenyewe baadaye aliamini mafuta ya mimea yatakuja kuwa na maana kubwa siku za mbele. Naam, karanga zilezile tunazokaanga.

Lakini mambo hayakwenda kama alivyotaka. Waliozikimbilia injini zake kwanza walikuwa wenye viwanda vikubwa, halafu wenye meli na majeshi ya majini. Mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilianza safari za bahari kuu kwa injini za dizeli. Injini ilikuwa bado kubwa na nzito mno kwa fundi wa mtaani. Yule aliyetengenezewa hakuipata, si katika maisha ya mtengenezaji.

PESA NA BAHARI

Pesa zilikuja, tena nyingi. Mfanyabiashara wa bia wa Marekani, Adolphus Busch, alilipa marki milioni moja kwa haki ya kutengeneza injini hizo Marekani. Diesel akajenga jumba la kifahari Munich. Kijana wa mkokoteni akawa tajiri.

Ila kichwa cha mashine si lazima kiwe kichwa cha biashara. Injini za mwanzo zilizouzwa zilikuwa zinasumbua, wateja wakalalamika na kuzirudisha. Kesi na mabishano ya hataza vikamwandama. Kazi nyingi ikamvunja afya, akalazwa kwa muda mrefu kupumzisha akili. Akaingiza fedha kwenye viwanja na visima vya mafuta, zikayeyuka. Kufikia 1913 alikuwa amefulia kabisa huku watu nje wakimwona tajiri. Na hakuwaambia.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden pale Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza kwenye mambo ya kampuni. Alikula chakula cha usiku na wenzake, akaingia chumbani kama saa nne, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti vilikutwa nyuma ya meli karibu na kizuizi. Siku kama kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliuona mwili baharini, wakachukua vitu vya mfukoni, wakauachia maji. Mwanawe Eugen akavitambua: ni vya baba. Alikuwa na miaka 55.

Magazeti yakapiga ramli nyingi, mara majasusi, mara washindani wa mafuta. Lakini kwenye kitabu chake cha kumbukumbu tarehe ile ilikuwa imewekewa alama ya msalaba, na mkewe alipofungua begi aliloachiwa alikuta fedha taslimu na karatasi zinazoonyesha akaunti za benki zimekauka. Wengi walioyachunguza maisha yake wanaona alijitoa mwenyewe. Hili sitaki kulipita kimyakimya. Mtu aliyevumilia miaka 19 ya kushindwa karakanani alishindwa kumwambia mtu mmoja kwamba ana madeni. Kama na wewe umebeba kitu kizito kuliko kifua chako, mwambie mtu leo.

KISHA IKAFIKA MASUGURU

Miaka kumi hivi baada ya kifo chake, kuanzia 1923 na 1924, viwanda vya Ujerumani vilianza kutoa malori ya dizeli. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ikaanza kutoa kwa wingi pampu za kuingizia mafuta, na hapo injini ikaanza kuwa ndogo na ya kuaminika. Mwaka 1936 Mercedes ikaonyesha gari dogo la dizeli.

Kwetu Wajerumani walikuwa wameleta reli ya Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905, na treni zilizopita juu yake zilikuwa za mvuke, zenye kasoro ileile aliyoisema Linde darasani. Dizeli ilikuja baadaye. Ikaja kwenye malori, kwenye matrekta, kwenye jenereta, na hatimaye kwenye vile vibanda vya kusagia nafaka vijijini. Sehemu nyingi ilifika miaka mingi kabla ya nguzo za umeme.

Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Yule mwenye mashine moja ya kusaga, ambaye hana kiwanda wala hisa, anayewasha injini yake asubuhi kwa mkono, ndiye mtu aliyekuwa kichwani mwa Rudolf Diesel. Kaipata injini aliyotengenezewa, ila kwa kuchelewa. Na mama aliyekuwa anatwanga na kusaga kwa mawe akapumzisha mgongo. Nani aliyemwambia kwamba hii ni kazi ya mtoto wa mkokoteni wa Paris?

Tusisahau na upande wa pili. Moshi wa dizeli unaumiza mapafu, na gesi yake ni sehemu ya tatizo la joto la dunia. Hata injini nyingi zilizo bora kuliko ile ya 1897 bado zinatupa zaidi ya nusu ya joto la mafuta. Maana yake swali la pembeni mwa daftari halijaisha. Linasubiri mtu.

Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Toka hapo vijana wengi wamepita, na njia zimeongezeka. Kwa hiyo kijana wa Masuguru, wa Mkata, wa Kwamsisi, wa Mombo, ukijaza ile fomu, mshahara utake, si dhambi. Uitwe injinia, sawa. Ila tazama kilichobaki kwa Diesel: mshahara wa kiwanda cha barafu ulikuwepo na haukumtosha, umaarufu ulimchosha, utajiri uliyeyuka mikononi mwake. Kilichompitisha kwenye taifodi, kwenye amonia, kwenye vyuma vilivyopasuka na kwenye dakika moja ya 1894 ni kitu kimoja: namba aliyoisikia darasani na hakuikubali.

Wewe umeona nini nyumbani ambacho hukikubali? Mahindi yanayooza shambani kwa kukosa barabara? Dada yako kufuata maji kwa kilomita kadhaa? Kuni tisa zinazopotea ili moja ipike ugali? Andika pembeni mwa daftari. Usipolipata jibu mwaka wa kwanza, ni kawaida. Yeye alichukua miaka 19.

Na mzee wako akikuuliza unakwenda kusoma nini miaka yote hiyo, usimtajie jina la kozi. Mpeleke mashineni siku ya kusaga, msimame pembeni mwa ule mlio, umweleze habari ya mtoto wa mkokoteni. Halafu mwambie swali lako.

Haya wadau, naomba kuwasilisha. Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini. Mlioko vyuoni mkisoma uhandisi, tuambieni bila kona: nini kilikupeleka huko?